Zamu za Mwezi Mkubwa

Wanawake wengi wa Lweba hawaupendi mwezi mkubwa. Mwanga ukishatapakaa juu ya ziwa, taa za wavuvi hazimdanganyi samaki yeyote. Ndagala, dagaa wa ziwa lile, wanazama kwenye vina vyao, maboti yanavutwa mchangani, na mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kijiko. Zubeda peke yake aliungoja mwezi kama watu wanavyongoja sikukuu. Mume wake, Yasini, alikuwa na maboti mawili na mota moja, na usiku wote wa giza aliumalizia ziwani. Mwezi tu ndio uliomrudisha kulala nyumbani.

Nyumba yenyewe ilikuwa na milango miwili, mmoja wa Zubeda, mwingine wa Samira, mke mdogo. Siku za mwezi waligawana: leo huku, kesho kule. Ndiyo zamu, na zamu kwao haikuwa jambo la mchezo. Mwenye zamu ndiye anayepika, ndiye anayeweka maji ya kuoga, ndiye anayefunga mlango akiwa na mwanaume ndani.

Lakini tangu Samira ajifungue Mwavita, miezi minane iliyopita, hesabu ilibadilika. Samira alipasuliwa. Damu ilimwagika mpaka wauguzi wakaanza kunong'ona, na siku ya kutoka hospitalini daktari aliwaita wote watatu akawaambia bila kuzunguka: mimba nyingine kabla ya miaka miwili inaweza kumuua huyu mama. Aliwaeleza kwamba zipo njia za kuzuia. Yasini akasema dawa ni za nini wakati yeye ni mwanaume wa neno lake. Samira apumzike. Siku zote za mwezi ziwe za Zubeda.

Zubeda hakumwombea mwenzake mabaya. Alimwogesha, alimpikia uji, alimfulia nepi za mtoto. Lakini mwezi ulipochomoza aliufunga mlango wake kwa furaha aliyoificha chini ya ulimi kama pipi. Alikuwa na miaka thelathini na minane, watoto wanne, na mume aliyerudi kuwa wake peke yake. Mwanamke asiyewahi kugawana mume hawezi kujua utamu wa jambo hilo.

Ndiyo maana Jumamosi ile, Yasini alipomaliza kula, akanawa mikono na kusema, "Mama Lukmani, kuna wezi wa mota wanazunguka huku pembeni, leo nitalala kwenye boti," Zubeda alimpa blanketi zito na kumhurumia.

Jumatatu asubuhi alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria kwa mchanga. Samira akaja na Mwavita mgongoni, akachuchumaa karibu yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na shingo ndefu ambayo Zubeda alijizoeza kutoiangalia.

"Yaya, niko na shida," alisema. Yaya kwao ni dada mkubwa.

"Mutoto?"

"Mutoto iko muzima. Ni mimi." Samira alishusha sauti. "Unajua vile Papa Lukmani alikuja kwangu Jumamosi. Hatukutumia kitu. Na siku zangu zilisharudi tangu mwezi uliopita. Naogopa, Yaya. Wewe ni reko, unafundishaka bamama. Iko dawa ya kunywa wakati jambo limeshapita?"

Mkono wa Zubeda ulisimama ndani ya sufuria.

*Unajua vile alikuja kwangu.* Alisema hivyo, laini, bila kuinamisha macho, kama mtu anayekumbusha habari ya mvua. Zubeda aliliona blanketi lake. Aliuona usiku ule wote aliolala chali akimwombea mume wake baridi isimpige. Baridi gani? Alikuwa hatua chache tu, upande wa pili wa ukuta, amejifunika.

Ni kweli alikuwa reko. Wanawake waliofundishwa kuhamasisha afya mitaani waliitwa hivyo, na Zubeda alikuwa mwenye sauti kubwa kuliko wote. Siku za kufundisha alivaa jileti lake, akabeba picha zake, akakaa na wanawake chini ya paa la soko na kuwaambia waziwazi mambo ambayo wengine waliyasema kwa kukohoa. Jibu la Samira alikuwa nalo kichwani, neno kwa neno. Kiko kidonge cha dharura. Mwanamke anakimeza mapema awezavyo, vizuri ndani ya siku tatu, na kila siku inayopita nguvu yake inapungua. Hakitoi mimba. Kinalichelewesha yai tu, mbegu ikose wa kukutana naye. Anayenyonyesha anaruhusiwa. Na kidonge chenyewe kilikuwa pale kituo cha afya cha karibu, mbali kama kwenda kuomba moto kwa jirani.

"Ungekuja jana," Zubeda alisema. Akaendelea kusugua. "Sasa muda umeisha."

"Umeisha kabisa?"

"Kabisa. Omba Mungu."

Samira hakubisha. Nani angebishana na jileti? Alisimama, akamrekebisha mtoto mgongoni, akasema, "Asante, Yaya," na asante hiyo ilimchoma Zubeda kuliko tusi.

Siku ile wivu ulimla Zubeda kuanzia miguuni. Alitia mchuzi chumvi mara mbili. Alimtazama Yasini akishona nyavu uani, akatafuta usoni kwake alama ya uongo, akakuta uso uleule, meno yaleyale, mluzi uleule. Alijiuliza kama alipiga mluzi pia kule. Aliwaza alivyobisha hodi, kwa vidole viwili kama anavyobisha kwake, au kwa namna nyingine ambayo yeye hakuwahi kuisikia. Aliwaza kama aliliona kovu la Samira, na kama alilishika. Mambo ya aina hii yakishaingia kichwani hayatoki kwa sala wala kwa ufagio.

Vizuri, alijiambia. Ashike mimba. Tumbo litoke, watu waulize, na Yasini awaeleze wazee wa msikiti neno lake limekwenda wapi. Hapo wazo lilifika kwenye meza ya upasuaji, na Zubeda akalikimbia, akaenda kuchota maji ambayo hakuyahitaji.

Jumanne mchana ndipo alipokumbuka vizuri mimba ya Mwavita.

Yasini alikuwa amembeba Mwavita begani, anamwonyesha kuku. Samira alikaa kwenye ngazi, mkono tumboni, rangi imemtoka kwa hofu. Yasini akageuka akamwuliza, "Unaumwa? Nikuletee nini?" kwa sauti ambayo Zubeda hakuisikia alipozaa Lukmani, wala watatu waliofuata. Wote wanne aliwazaa baba yao akiwa ziwani. Lakini Samira alipolazwa, Yasini aliyavuta maboti yote mawili nchi kavu. Alilala chini ya kitanda chake wiki mbili. Alimfulia nguo kwa mikono yake mwenyewe, kwenye bomba la hospitali, mchana, wanawake wakimwangalia, na habari hiyo ilifika Lweba kabla yao. Mimba nyingine ingekuwa hivyo tena tangu mwanzo: machungwa, mikono kiunoni, machozi. Na kama angekufa, basi. Mke aliyekufa angali kijana, nani atashindana naye? Yasini angempenda mpaka uzeeni.

Mtu asimtafutie Zubeda sababu nzuri kuliko aliyokuwa nayo. Wivu ndio uliomfunga mdomo Jumatatu, na ni wivu huohuo ulioanza kuufungua.

Jumatano asubuhi alimkuta Marthe, jirani yao, jikoni kwa Samira, na sufuria ya kitu cheusi.

"Ni nini hicho?"

"Majani ya chai pakiti nzima, ndimu, na sabuni ya Omo kidogo," Marthe alijibu kwa fahari ya fundi. "Inasukuma yote chini. Dada yangu alikunywaka."

"Na dada yako iko na batoto bangapi?"

Marthe alifikiri. "Saba. Lakini hakuwa anamaliza kikombe."

Samira alikuwa amemaliza chake. Alikuwa ameinama nje ya mlango anatapika povu, na Mwavita ndani analia mpaka sauti inakatika. Zubeda aliichukua sufuria, akaimwaga kwenye majivu, akampa Samira maji ya kusukutua. Shingo ile ndefu ilikuwa imelowa jasho, inatetemeka. Hakuna kitu cha kuionea wivu.

"Vaa," alisema. "Kituo cha hapa hakitoshi tena. Tunaenda mjini Baraka."

"Si ulisema muda umeisha?"

"Nimesema vaa, mama Mwavita."

Walipanda pikipiki moja, Samira katikati, Mwavita kifuani kwake, Zubeda nyuma amemshika mwenzake kiuno kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Njia nzima walijifunika midomo kwa vitenge. Vumbi liliwapa kisingizio.

Muuguzi Émilienne ndiye aliyewafundisha mareko wote wa upande ule. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mlokole wa Jumapili mbili kwa wiki kama alivyojitania mwenyewe. Aliwakaribisha kwenye chumba kidogo chenye pazia la kitenge, akamwuliza Samira kama anataka Zubeda atoke.

"Abaki. Ni mukubwa wangu."

"Basi nieleze. Na usinifiche, mimi si shehe wala pasta."

Samira alieleza yote: hospitali, damu, maneno ya daktari, Jumamosi. Émilienne alisikiliza, kisha akauliza polepole, "Alikulazimisha?"

"Hapana, Mama. Nilikataa kwanza. Nilimwambia, leo si zamu yangu, na daktari alikataza. Akasema niache woga, kunyonyesha kunazuia." Samira aliangalia mikono yake. "Na akasema Yaya mwenyewe amenipa zamu yake. Ni yeye amemutuma kwangu."

Nje mtu alikuwa anaita namba za wagonjwa.

Kumpa mwenzako zamu si jambo geni kwao. Mke akiugua, au akiwa na msiba, au akiwa na moyo mkubwa tu siku hiyo, anasema: usiku wangu chukua wewe. Ni zawadi, na inashukuriwa. Zubeda alikumbuka macho ya Samira yale ambayo hayakuinama, na asante ile. Siku mbili alikuwa anamchukia mtu aliyekuja kwake kama anavyokuja mtu kwa mfadhili wake.

"Mimi sikumpa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, hakuitambua. "Aliniambia analinda mota."

Samira alimgeukia.

Émilienne alikuwa ameona kesi nyingi, hakuwapa nafasi ya kulia. "Hayo mutayamaliza nyumbani. Hapa tuangalie tumbo. Mwanangu, kunyonyesha kunazuia kama mutoto hajafika miezi sita, ananyonya tu bila chakula kingine, na siku zako hazijarudi. Vyote vitatu. Wewe mutoto iko na miezi minane, anakula uji, na siku zimerudi. Mulango uko wazi. Na ile Omo ya asubuhi inachubua tumbo lako tu, haifiki kwenye kizazi." Alimpima mkojo kwanza, akarudi na kijiti mkononi. "Hakuna mimba ya zamani. Vizuri. Sasa, kiko kidonge. Ningekupa, lakini leo ni siku ya nne, nguvu yake imepungua sana. Mungekuja Jumatatu, ningekupa kile na ningelala vizuri."

"Jumatatu nilimuuliza Yaya," Samira alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema tu, na Émilienne akamwangalia Zubeda, kisha jileti ambalo Zubeda alilivaa asubuhi kwa mazoea, kisha akamwangalia tena usoni. Zubeda angekubali kofi. Angekubali makofi mawili. Émilienne alirudisha macho kwa Samira.

"Lakini bado tuko ndani ya siku tano. Kiko kitanzi cha shaba. Ni kadogo, kama herufi ya T, nakiweka ndani ya kizazi. Kikiingia ndani ya siku tano kinazuia vizuri kuliko hata kidonge, na kinabaki kukulinda miaka. Siku ukitaka mutoto, unakuja, ninatoa. Kinaweza kukuletea tumbo la kuvuta na damu nyingi kidogo miezi ya kwanza. Na damu yako naijua habari yake, kwa hiyo ninakupima kwanza kama iko ya kutosha, na unarudi hapa nikuone. Hakizuii magonjwa. Kwa hayo ni kapoti tu, kondomu."

"Bwana wangu akikataa?"

"Kizazi kiko ndani ya nani?"

Samira alicheka kidogo, bila kutaka. Kisha akafikiri kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. "Weka," alisema.

Zubeda alitolewa nje na Mwavita. Alikaa kwenye benchi, mtoto magotini. Mwavita alikuwa na masikio ya Yasini, yote mawili, yamesimama kama vishikio vya sufuria. Zubeda aliyaangalia masikio hayo na kugundua kwamba hata hapo, hata baada ya yale yote, alikuwa anaona wivu. Watoto wake wanne hakuna aliyeyapata masikio hayo.

Samira alitoka akitembea taratibu, mkono ubavuni. Damu ilitosha, alisema, na kitanzi kimekaa. Alikaa mwisho wa benchi. Hakumwomba mtoto wake.

"Ulitaka nife?"

"Nilitaka asikuje kwako."

"Hilo si jibu, Yaya."

"Ndilo niko nalo." Zubeda alimwinua Mwavita begani. "Nilikudanganya. Muda ulikuwepo. Nilikuona unakuja kunitambia, nikaona acha uone. Siku ya pili nikaogopa. Lakini siku ya kwanza, hapana, sikuogopa. Nakuambia ukweli."

Mgonjwa mwingine aliitwa. Samira akasema, akiangalia barabara, "Ule ukuta ni wa udongo."

"Nini?"

"Ukuta kati yako na mimi. Miezi minane, kila mwezi ukiwa mukubwa, nawasikia. Munacheka. Anakuambia habari za kule Lulimba, za bachimba dhahabu, unacheka mpaka unakohoa. Mimi niko na mutoto na kidonda, naziba masikio na mto. Jumamosi alipobisha, akasema umechoka naye, umesema mimi nimuchukue." Aligeuka. Macho yalikuwa yamejaa. "Nilifurahi, Yaya. Si kwa sababu ya kukuhurumia. Nilifurahi kwa sababu umechoka naye."

"Alisema nimechoka naye?"

"Kwa mdomo wake."

Zubeda alihisi joto likipanda kutoka tumboni mpaka kwenye nywele, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu joto hilo halikuwa na shingo ndefu. Lilikuwa na meno na mluzi. Alimpa Samira mtoto wake. "Panda pikipiki," alisema. "Ukaegemee kwangu, usijikaze."

Yasini alikuwa pwani na wavuvi wake, wanaziba mipasuko ya boti kwa pamba na lami. Aliwaona wake zake wakija pamoja mchangani, akasimama. Mwanaume mwenye wake wawili anajua kuogopa wanapokuja pamoja.

"Mulikuwa wapi?"

"Baraka," Zubeda alisema.

"Nani anaumwa?"

Kabla hata ya kumaliza kuuliza, macho yake yalikuwa yameshakwenda kwa Samira. Yakampima uso, tumbo, miguu, yakarudi usoni kwake. Ndipo yakamkumbuka Zubeda. Zubeda aliliona jambo hilo, kama alivyojua ataliona, na lilimuuma mahali palepale.

"Hakuna anayeumwa. Nimekuja kukuambia kitu mbele ya huyu, na mbele ya hawa kama wanataka kusikia." Wavuvi walikazana ghafla na lami yao. "Zamu yangu sikumpa mtu. Sikumpa Jumamosi, na sitampa mwezi ujao."

Yasini alimwangalia Samira kuomba msaada. Samira alikuwa anamfunga Mwavita kofia, kwa uangalifu mkubwa, kamba kwa kamba.

"Mama Lukmani, twende nyumbani, mambo ya nyumba si ya huku mchangani..."

"Huku mchangani ndiko ulikosema unakuja kulala."

Mvuvi mmoja alikohoa. Mwingine akamkanyaga mguu.

"Nilikosea," Yasini alisema chini chini. "Mwezi ulikuwa mukubwa, na yeye ni muke wangu pia."

"Ni muke wako, na daktari alikuambia nini?"

Yasini alijipangusa lami mikononi, haikutoka. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua aweke mguu wapi, "Sasa leo ni zamu ya nani?"

Wanawake walitazamana. Zubeda aliujua mwezi wa siku ile: ulikuwa umeshaanza kuliwa upande mmoja, zimebaki siku chache tu kabla maboti hayajarudi majini. Angeweza kuzitoa. Huo ungekuwa moyo mkubwa, na watu wangeusimulia. Samira hakuzitaka, hilo lilionekana. Tumbo lilikuwa linamvuta, na macho yake yalionyesha kwamba hamu yake kwa Yasini imepungua kidogo. Lakini hilo silo lililomfanya Zubeda ajibu.

"Yangu," alisema, haraka, kabla mtu mwingine hajapumua. "Na zote zilizobaki ni zangu. Utakuja, utakaa kwenye kiti, si kitandani, na utaniambia kwa mdomo wako ni nani amechoka na wewe. Sema kwa sauti. Ukuta ni wa udongo."